Kamanda Aliyetaka Kukaa Vizuri

Kamanda wa sungusungu wa mtaa wetu alikuwa mtu mpole. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyemjua huanza nalo, na kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hakutukana watu. Hakulewa. Nyumba yake na yetu pale Nyahanga zilitenganishwa na uzio wa minyaa tu, na sikuwahi kumsikia akimfokea mkewe. Alikuwa na sauti ya chini iliyokulazimisha usogee ili umsikie, na ukishasogea ulikuwa umekwisha kubali nusu ya anachotaka.

Jina lake nalijua. Silitaji, na si kwa heshima. Mtaa mzima tulimwita Kamanda, mkewe akamwita Kamanda, wanawe wakamwita Kamanda, na jina lenyewe likabaki la kwenye cheti cha ubatizo. Nadhani hata yeye angeitwa kwa jina hilo sokoni asingegeuka.

Kwa ambaye hakukulia kwetu, niseme kidogo. Sungusungu ni ulinzi wa wananchi wenyewe. Ulianzia kwa wezi wa ng'ombe huko vijijini, ukaingia mpaka mitaani Kahama. Likipigwa yowe, ambalo Wasukuma tunaliita mwano, kila mwanamume anaacha alichoshika na kukimbilia sauti inakotoka. Asiyekwenda anaitwa mkutanoni na kutozwa faini. Akiwa hana cha kulipa, anatengwa.

Kutengwa hakuna kipigo. Hakuna anayekugusa, na hapo ndipo palipo na ubaya wake. Husalimiwi. Huuziwi kitu wala hununuliwi. Ukienda kuomba moto, mlango unafungwa taratibu kana kwamba ni upepo. Ukifika kisimani, wanawake uliocheza nao rede wanarudi nyuma na ndoo zao, wanatazama chini, wanakungoja umalize uondoke. Ukifiwa, hakuna anayekuja kuchimba. Na atakayekuhurumia akakupa salamu, naye anaingia humo humo ulimo.

Aliyekuwa anaendesha mambo haya mtaani kwetu, kwa sauti ya chini, ni Kamanda.

Alivaa suti ya Kaunda ya kijani iliyopauka, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata sabuni, na filimbi shingoni kwenye uzi mweusi. Alinawa mikono kabla ya mkutano na baada ya mkutano. Alitembea na kitambaa mfukoni cha kufutia mahali pa kukaa, maana hakuna jambo alilolichukia duniani kama kukaa vibaya. Benchi likiyumba, aliomba kijiwe cha kuegemeza mguu wa benchi. Kiti kikiwa na msumari uliochomoza, alisimama mkutano mzima kuliko kukikalia. Tulimcheka kwa hilo, tukiwa ndani kwetu.

Rushwa hakula. Hilo ni kweli tupu na wala silisemi kwa kebehi. Mama mmoja wa nyuma ya kanisa alimpelekea jogoo ili mwanawe asamehewe kosa la kuvuta bangi kwenye lindo. Kamanda akampokea jogoo kwa mikono miwili, akashukuru, akaja naye mkutanoni akiwa amefungwa miguu, akamweka mbele ya watu wote na kueleza alikotoka. Kijana akachapwa mara mbili ya ilivyotarajiwa. Jogoo akarudishwa kwa mama yake kijana siku ile ile, na Kamanda mwenyewe ndiye aliyempeleka, pamoja na kikombe cha mtama, kwa sababu alisema jogoo alikuwa ameshinda njaa na hana hatia.

Ndivyo alivyokuwa. Huruma alikuwa nayo, tena nyingi, ila ilikwenda kwa jogoo.

Kuna mwanamke alishikwa na uchungu wa kuzaa mumewe akiwa safarini. Kamanda alimpakia kwenye keria ya baiskeli ya jirani, akamsukuma kwenye matope mpaka hospitali huku akimwimbia nyimbo za kanisani ili asiogope. Mtoto alipozaliwa akapewa jina lake. Mwaka uliofuata Kamanda akamtenga baba wa mtoto yule kwa kukosa lindo. Alipotangaza adhabu alimbeba yule mtoto mikononi, akawa anambembeleza asilie.

"Mimi sina ubaya na mtu," alikuwa akisema. Na la pili, alilolipenda zaidi: "Si mimi, ni mkutano." Mkutano ulikuwa watu wazima waliokaa chini ya jua na kumtazama usoni wajue wanachofikiri.

Kwenye misiba alikuwa wa kwanza. Hapakuchimbwa kaburi Nyahanga ambalo jembe lake halikutangulia. Alilia pia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nimeyaona kwa karibu kuliko watu wengi, na ningefurahi sana kusema yalikuwa ya uongo.

Sasa baiskeli.

Miaka ile Wazungu wa kutafiti dhahabu walikuwa wamejaa upande wa Bugarama, na mmoja wao alipoondoka alimwachia mlinzi wa kambi baiskeli ya milimani. Mlinzi alianguka nayo mpaka akachoka. Kamanda akainunua kwa bei aliyotajiwa, bila kubishana. Ilikuwa na fremu nene ya zambarau iliyobabuka, tairi za meno makubwa, usukani ulionyooka kama mpini wa jembe, na kiti chembamba ambacho sijui Mzungu yule alikikalia na nini. Gia zake nyingi zilikwisha kufa, ikabaki moja. Haikuwa na madigadi, haikuwa na keria wala kengele. Ni baiskeli ya mtu anayekimbilia mlima, na Kahama haina mlima wa kukimbilia.

Ukiipanda ulikuwa unainama, matako juu, pua barabarani. Mtu mzima wa kwetu hapandi hivyo. Mtu mzima anakaa wima, anawaona watu, anawaitikia shikamoo zao kwa nafasi. Watoto walipomwona Kamanda amelala juu ya usukani walipiga kelele, "Kamanda ananusa nyayo za wezi!" Yeye akatabasamu, maana alijua kutabasamu.

Lakini siku moja mchana, kwenye njia nyembamba ya kuelekea sokoni, akakutana na mama mkwe wake. Kwetu mkwe ni mkwe. Unashuka, unakaa pembeni, unainamisha macho, unamwamkia ukiwa chini. Kamanda breki zilimshinda, kunyooka alishindwa, na kumpita mama mkwe huku amemnyanyulia makalio ilikuwa jambo ambalo hata ukoo wake usingelisahau. Akaona bora mtaro. Aliingia mtaroni na baiskeli yote, na akiwa humo humo, maji machafu kifuani, akamwamkia mkwewe kwa heshima zote. Mama wa watu akaitikia, akapita, na inasemekana alipofika nyumbani alicheka mpaka akalala chini.

Kwa hiyo Kamanda alihitaji fundi wa kuigeuza baiskeli ile iwe ya mtu mzima. Na fundi hodari wa baiskeli mtaani alikuwa kaka yangu.

Kaka alikuwa na kibanda mbele ya nyumba yetu, nami nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, nauza vitumbua pale pale kwa wateja wake. Tuliishi watatu, kaka, mimi, na mama yetu ambaye moyo ulikuwa unamsumbua. Kaka hakuwa mtu wa maneno. Alizungusha rimu karibu na sikio lake na kusikiliza ilipopinda, na watu walipenda kukaa pale kibandani kwa sababu alicheka kwa urahisi.

Siku mwano ulipopigwa kwa ajili ya ng'ombe walioibwa pembezoni mwa mji, ilikuwa asubuhi, na mama alikuwa amezimia mikononi mwa kaka. Mimi nilikuwa kisimani. Kaka alingoja nirudi nimpokee. Alipotoka mbio na rungu lake, wenzake walikuwa wanarudi na ng'ombe wote, wanaimba.

Mkutanoni Kamanda alizungumza kwa sauti ya chini kuliko kawaida, watu wakasogea. "Mama wa fundi tunampenda sote," akasema. "Lakini mwano hauulizi nani ana mgonjwa. Leo fundi ana mgonjwa, kesho mwingine ana mgeni, keshokutwa ng'ombe wako wamekwenda." Faini ilikuwa ng'ombe, nasi ng'ombe hatukuwa naye. Kamanda akatafakari. Kisha akasema yeye anamwonea fundi huruma, na kwa kuwa ana mikono mizuri, atengwe yeye na nyumba yake kwa muda tu, mpaka atakapokuwa amemtengenezea baiskeli yake ikakaa vizuri. Vipuri atavileta mwenyewe na kuvilipia mwenyewe. Na kwa ajili ya kazi hiyo yeye Kamanda peke yake ataruhusiwa kusema na fundi.

Watu wakapiga makofi kwa huruma ile. Kaka naye alipiga. Nilimwona.

Alifikiri ni kazi ya juma moja. Alianza na usukani. Akaling'oa lile fimbo la Mzungu, akaweka usukani mpana wa baiskeli nzito za zamani, ule unaopinda kurudi kwa mwenyewe ukampokea mikono. Ilibidi auinue kwa kipande cha bomba, na waya za breki zikawa fupi, akazibadilisha zote. Kamanda akapanda, akazunguka kibanda, amekaa wima kama yuko kanisani. Nilikiri moyoni kwamba amependeza.

"Mikono imetulia," akasema aliposhuka. "Kiuno ndiyo bado, fundi. Kinaniuma."

Akaleta kiti kipana cha ngozi chenye springi, alichokinunua kwa mstaafu mmoja wa mgodi wa almasi kule Songwa. Kaka akakipaka mafuta ya ng'ombe kila asubuhi na kukianika mpaka ngozi ikalegea. Akakishusha, ili Kamanda aweze kuweka miguu yote miwili chini bila kuruka akikutana na mkwe. Kamanda akapanda, akazunguka, akashuka.

"Bado."

Tairi za mjini hazikuingia kwenye rimu zile. Kaka akakaa na kisu cha kukatia ngozi, akazinyoa zile za Mzungu jino moja moja, akizisugua na msasa, mpaka zikawa laini na baiskeli ikaacha kunguruma barabarani. Akagonga madigadi kutoka kwenye bati la debe na kuyapaka rangi nyeusi. Akatengeneza kifuniko cha mnyororo ili suruali ya Kaunda isishikwe. Akaunganisha keria, akafunga kengele, akaweka pedeli za mpira. Zile gia zilizokufa akazitoa zote, ikabaki moja nyepesi ya kwendea taratibu. Hapakuwa na baiskeli ya kukaa raha kama ile Kahama nzima. Watu wa mtaani waliigeukia ikipita, ingawa aliyeitengeneza hawakuruhusiwa kumtazama.

"Bado kidogo, fundi."

Na kila aliposema bado, Kamanda alifuta kile kigoda cha kibandani kwa kitambaa chake, akakaa. Akatoa karanga mfukoni, akazigawa kwa usawa. Akaanza kuzungumza. Alimweleza kaka habari za meno yake, za vyama vipya vya siasa, za mwanawe mkubwa aliyemwangusha, za ndoto ambamo alijiona akitembea kwenye nyumba isiyo na kiti hata kimoja. Alimwuliza kaka maoni yake. Alicheka mpaka akajifuta macho. Alikaa mpaka jua linapoinama, kisha akaaga vizuri na kwenda.

Nilichelewa kuelewa. Mtaani hakuna mtu aliyekuwa akimtembelea Kamanda. Watu walimwamkia kwa haraka na kupita; akiingia mahali mazungumzo yalibadilika; hata wanawe walikuwa wakikaa naye kama wako mkutanoni. Alikuwa mpweke, masikini, na hakujua njia nyingine ya kumpata rafiki. Kwa hiyo alimchukua mtu aliyependwa na wengi, akamwondolea wote, kisha akaja yeye na karanga.

Ilifanya kazi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kukimbiwa kisimani. Kaka alianza kumsubiri. Mtu ambaye siku nzima hasikii sauti ila ya mama yake mgonjwa na dada yake mwenye hasira, akisikia kengele aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe inakuja, uso unamfunguka. Nilimwona akimfutia Kamanda kigoda kabla hajafika.

"Unamchekea ya nini?" nilimwuliza siku moja. Nilikuwa nimerudi kutoka stendi, nilikokuwa nikienda kuuza vitumbua kwa abiria wasiotujua.

"Ni mtu wa kuzungumza naye," akasema.

"Ndiye aliyekunyima wengine!"

"Najua, dada. Lakini si yupo?"

Nikachukua beseni langu la vitumbua, nikaingia ndani.

Aliyekuwa anaumia zaidi ni mama. Yeye hakulilia chumvi wala moto. Alilokuwa analiogopa ni moja tu: kufa tukiwa tumetengwa. Alikuwa amezika watu wa mtaa ule maisha yake yote, amepika kwenye misiba yao, amelala chini kwenye mikeka yao, na sasa aliona atakavyotolewa nje kama mzigo na watoto wawili. "Nisife sasa," alikuwa akiniambia. Alilazimisha uji ushuke hata pale tumbo lilipokataa. Alimeza dawa zake kabla ya wakati. Alikuwa anasubiri baiskeli ikae vizuri ndipo apumzike.

Siku moja alijivuta mpaka kwenye uzio wa minyaa na kumwita. Kamanda akazunguka, akaingia uani, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mayu," akasema, maana mama kwa Kisukuma ni mayu.

"Marahaba, baba. Nifungulie watu."

"Si mimi, mayu. Ni mkutano. Fundi akimaliza tu."

"Hajamaliza wapi?"

"Kiunoni, mayu. Bado panauma."

Mama akamtazama. "Nami moyo unauma, baba. Tusaidiane."

Kamanda machozi yakamlengalenga. Akamshika mama mikono yote miwili, akaibusu, akaondoka. Kesho yake akaleta maziwa.

Kaka naye alimwomba, nilikuwepo. "Kamanda, niambie panapouma hasa. Nikate fremu, niiunge upya, nifanye lolote. Mama amechoka."

Kamanda akaacha kutafuna karanga. Alionekana kama mtu aliyetukanwa. "Mbona unanifukuza, fundi? Si tunaongea?"

Mama alikufa kwenye zile mvua za El Nino, asubuhi, uji ukiwa bado mkononi mwangu. Nilitoka mlangoni nikapiga ukunga. Kwetu ukunga wa msiba haumwachi mtu amekaa. Mwanamke atatoka na unga mikononi, na mwanamume atatoka nusu amevaa. Nilipiga, nikapiga tena. Milango ikafungwa. Ng'ambo ya njia, nyuma ya dirisha lililofungwa, nilimsikia rafiki yangu wa utotoni akilia kwa sauti kubwa kabisa. Alilia humo humo ndani.

Kaka akachukua jembe, akaanza kuchimba kando ya nyumba yetu. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, na siku zile ulikuwa umelewa maji. Kila alipochota, maji yalichuruzika kurudi. Nikashuka nami nikawa nayachota kwa sufuria. Watu walikuwa wamesimama chini ya mabaraza ya nyumba zao wanatutazama, wanaume wenye mikono na majembe, na hakuna aliyeweza kuvuka njia.

Kisha tukasikia kengele. Kamanda alikuja amekaa wima, mabuti ya mvua miguuni, jembe limefungwa kwenye keria aliyoiunga kaka. Akaegemeza baiskeli, akavua koti lake la Kaunda, akaingia shimoni. Na alichimba! Sijaona mtu akichimba vile. Alichimba maji yakiwa magotini, akanipokonya sufuria akachota yeye, akatuambia tupumzike. Alilia muda wote. Tuliposhusha mwili wa mama, yeye ndiye aliyeshika upande wa kichwa, na tulipomaliza kufukia alisimama na kusema maneno, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuyasema.

"Huyu alikuwa mama wa wote," akasema.

Wote! Wote walikuwa pale, hatua chache, wamejikinga mvua, wanangoja neno moja kutoka kwa mtu yule yule aliyekuwa analia mbele yangu na matope mpaka mapajani. Nikamshika mkono wa shati.

"Kamanda, sema basi. Sema sasa hivi waje. Waje wamtupie hata konzi moja ya udongo."

Akanitazama na macho mekundu. "Binti yangu," akasema kwa ile sauti yake, "mkutano unakaa Jumapili."

Akanawa miguu kwenye dimbwi. Akatoa kitambaa, akafuta kiti, akapanda. Alipofika njiani akasimama na kugeuka, akamwambia kaka kwa upole, kama mtu anayetaka kumpa mfiwa kitu cha kufikiria: "Tukipata nafasi tuutazame usukani. Naona umepanda kidogo."

Jumapili haikumkuta kaka. Aliweka spana zake kwenye mfuko wa chumvi, akaenda upande wa Geita kwenye machimbo, akawa anatengeneza baiskeli za wanaobeba maji na mawe. Hakuaga. Angemuaga nani? Aliyetengwa akiondoka, kutengwa kunakwisha, kwa hiyo majirani walikuja kwangu siku ile ile, wananilia shingoni, wameleta chumvi, wameleta moto, wameleta unga ambao mama angeula. Niliupokea. Nilikuwa na njaa. Lakini wapo ambao mpaka leo sijawarudishia salamu yao kwa moyo.

Kamanda alikuja kukaa kibandani kwa siku kadhaa baada ya hapo. Nilimwona kutoka ndani. Alifuta kigoda, akakaa, akatoa karanga, akazirudisha mfukoni.

Nilikwenda kumwona kaka mara nyingi miaka miwili iliyofuata. Hakuoa. Kibanda chake huko kilikuwa na wateja wengi na kelele nyingi, wachimbaji wenye fedha leo na njaa kesho, wanaomwita kwa majina ya utani. Yeye alifanya kazi ameinamisha kichwa. Jioni tukikaa kula, hakuzungumza habari za mama. Alizungumza habari za Kamanda. Kamanda aliwahi kusema hivi, Kamanda angecheka sana angeona vile. Kengele ikilia barabarani, aliinua kichwa. Mara ya mwisho nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka kwenye gari, akasimama anajikuna shingo.

"Ukimwona Kamanda," akasema, "mpe salamu zangu. Mwulize kiuno kimepona?"

Nilikuwa Kahama siku chache baadaye, sokoni, mchana, miaka ile ya tisini ikiishia. Nilisikia nikiitwa, kwa sauti ya chini, ikabidi nisogee. Alikuwa amezeeka ghafla. Ukamanda ulikuwa umeshapewa kijana mwingine, anayefoka. Baiskeli alikuwa ameishikilia pembeni, madigadi yameanza kutu, kiti bado kinang'aa kwa kukaliwa. Watu walipita wakimwamkia bila kusimama.

"Shikamoo, Kamanda."

"Marahaba, binti yangu. Marahaba sana." Alifurahi kweli kweli. Aliuliza hali yangu, akauliza biashara, akasifu kitenge changu. Kisha akasogea. "Kuna jambo nimekuwa nikitaka kukwambia. Ni la zamani."

Nikaweka kikapu changu chini.

"Wazee walitaka kumfungulia kaka yako mapema. Kabla ya mvua zile, mama yenu akiwa hai. Walinifuata nyumbani, walisema inatosha. Mimi nikakataa." Alinieleza hivyo bila kuona haya, kama mtu anayekufungulia moyo. "Niliona akifunguliwa, kibanda kitajaa watu tena. Nitakosa hata pa kukaa. Kaka yako alikuwa rafiki yangu, binti. Sijapata mwingine."

Kwa hiyo mama angezikwa na watu. Hilo ndilo nililolisikia pale kati ya mafungu ya nyanya.

"Yuko wapi siku hizi?" akauliza.

"Yuko. Anafanya kazi."

"Mzima?"

"Mzima."

Akashika kiti cha baiskeli, akakipangusa kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Hakunipa salamu?"

"Hapana."

"Labda amesahau. Lakini mkikaa mnaongea, ananitaja? Hata siku moja?"

"Hata siku moja," nikamwambia, na nikabaki nimesimama pale nikimtazama usoni, mpaka nilipoona neno hilo limemwingia.